Truby King: Daktari aliyetaka watoto wachanga walale hadi alfajiri

Usiku wa mtoto mchanga haujali cheo wala mali ya mzazi. Nyumba imetulia, majirani wamelala fofofo, kisha kilio kinasikika gizani. Mama anaamka, ananyonyesha, anambembeleza mwanawe na kurejea kitandani, lakini baada ya saa mbili au tatu mambo huwa ni yaleyale. Swali linalomkabili mama huyo ni la tangu jadi: je, amwinue mtoto kila anapolia, au amwache alie hadi azoee kulala?

Mtu mmoja aliyeamini kwamba amelipatia swali hilo jibu la kudumu alikuwa Sir Frederic Truby King, daktari wa New Zealand aliyezaliwa mwaka wa 1858 na kufariki 1938. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mafundisho yake yaliongoza malezi katika nyumba nyingi za New Zealand, Australia na Uingereza. Wapo waliomtukuza kama mwokozi wa watoto. Wapo pia akina mama waliokesha wakilia nje ya mlango wa chumba cha mtoto kwa kuwa walikatazwa kumwinua. Pande zote mbili zilikuwa na sababu.

Karani aliyegeuka tabibu

King alizaliwa Aprili 1, 1858, katika mji wa New Plymouth, kisiwa cha kaskazini cha New Zealand. Babake, Thomas King, alikuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa eneo hilo, na baadaye alihudumu kama meneja wa benki na mbunge. Kijana Truby naye alianzia benki akiwa karani, lakini hesabu za fedha hazikumkidhi. Mnamo 1880 alifunga safari ya Ulaya na kujiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kusomea udaktari. Alihitimu 1886 kwa alama za juu, na baadaye akaongeza shahada ya afya ya umma, taaluma iliyokuwa changa wakati huo.

Mwaka wa 1887 alimwoa Isabella Cockburn Millar, aliyejulikana zaidi kama Bella. Bibi huyu hakuwa wa kukaa kando. Ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa mumewe na, kama itakavyobainika, kalamu yake pia.

Baada ya kurejea nyumbani na kuhudumu kwa muda mfupi katika hospitali ya Wellington, King aliteuliwa mwaka wa 1889 kuwa msimamizi mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff, karibu na mji wa Dunedin. Alidumu katika wadhifa huo kwa takriban miaka 30. Aliboresha chakula cha wagonjwa, akawatoa nje wapate hewa safi, akawapa kazi za shambani na kuhakikisha kila jambo linafanyika kwa saa yake. Imani kwamba utaratibu ni dawa iliota mizizi humo.

Funzo la ndama

Hospitali ya Seacliff ilikuwa na shamba kubwa la mifugo, na huko ndiko King alikopata wazo lililobadilisha maisha yake. Ndama walikuwa wakihara na kufa. Daktari huyo alichunguza jinsi walivyolishwa, akasisitiza usafi wa vyombo, vipimo sahihi vya maziwa na saa maalumu za kuwalisha. Vifo vikapungua. King akajiuliza: ikiwa ndama anaweza kuokolewa kwa kulishwa ipasavyo, sembuse mtoto wa binadamu?

Swali hilo halikuwa la mzaha. Katika New Zealand ya mwaka wa 1907, watoto wapatao 88 kati ya kila 1,000 waliozaliwa katika jamii ya walowezi walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengi waliangamizwa na maradhi ya kuhara, hasa msimu wa joto. Maziwa ya ng'ombe yalikaa saa nyingi bila kupozwa, chupa hazikusafishwa vyema, na akina mama walipewa ushauri na kila aliyekuwa na dawa au unga wa kuuza.

Mwaka wa 1904 King na mkewe walizuru Japani, na daktari akavutiwa mno na jinsi wanawake wa huko walivyowanyonyesha watoto wao kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata wanandoa hao, ambao hawakuwa wamejaliwa mtoto, walimchukua mtoto mchanga wa kike aliyekuwa dhaifu, wakamlea kama wao. Walimpa jina la Mary. Alilishwa maziwa ya ng'ombe ambayo King aliyarekebisha ili yakaribiane na ya mama, akanawiri. Kwa King, Mary alikuwa ushahidi hai.

Kuzaliwa kwa Plunket

Mei 14, 1907, mkutano wa hadhara uliitishwa mjini Dunedin, na hapo kikaundwa chama cha kuendeleza afya ya wanawake na watoto. Mlezi wake alikuwa Victoria Plunket, mke wa Gavana wa New Zealand na mama wa watoto wanane, na baada ya muda chama kikaitwa kwa jina lake. Wauguzi wa Plunket walitumwa nyumba hadi nyumba kuwafunza akina mama kunyonyesha, kuchemsha vyombo, kufungua madirisha na kupima uzani wa mtoto. Hawakutoza ada. Watoto wagonjwa walipelekwa katika hospitali zilizoitwa Karitane, jina la kijiji cha pwani ambako King alikuwa na nyumba yake.

Bella naye alishika kalamu. Akitumia jina la Hygeia, aliandika safu ya gazeti kuhusu watoto wachanga, na safu hiyo ikachapishwa katika magazeti mengi nchini humo. Mama aliyeishi shambani, mbali na daktari yeyote, alifungua gazeti na kupata maelezo ya namna ya kumwogesha, kumlisha na kumlaza mwanawe.

Mwaka wa 1913 King alichapisha kitabu cha ulishaji na utunzaji wa mtoto, kilichosomwa na maelfu ya wazazi. Kufikia wakati vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni, alikuwa amealikwa London kuanzisha kituo cha kuwafunza wauguzi na akina mama. Uingereza ilikuwa imepoteza vijana wengi vitani, na serikali yake iliwatazama watoto wachanga kama akiba ya taifa. Wimbi hilo la kushughulikia uzazi na watoto lilienea katika himaya nzima. Jijini Nairobi, mwaka wa 1926, mke wa Gavana wa Kenya, Lady Grigg, alianzisha makao ya uzazi yaliyokuja kuwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani.

Sheria ya saa nne

Kiini cha mafundisho ya King kilikuwa saa ya ukutani. Mtoto mwenye afya, alifundisha, anyonyeshwe kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Baada ya hapo, asipewe kitu chochote hadi alfajiri. Muda huo wa saa nane ulikuwa wa usingizi, wa mtoto na wa mama.

Mtoto akilia katikati, mama alitakiwa kwanza kuhakikisha kwamba hana maumivu, baridi wala unyevu. Asipoona tatizo, amwache. Kumbeba, kumbembeleza na kucheza naye mara kwa mara kulihesabiwa kuwa kumdekeza, na mtoto aliyedekezwa, kwa mujibu wa mafundisho hayo, angekuwa mtu mzima asiyeweza kujitawala. Alilazwa peke yake, aghalabu katika chumba chenye madirisha wazi au barazani, apate hewa.

Si haki kumtwika King mzigo wote. Nchini Marekani, daktari Luther Emmett Holt alikuwa amechapisha mwongozo wa malezi tangu 1894, nao pia ulisisitiza ratiba kali. Mwaka wa 1928, mwanasaikolojia John B. Watson alikwenda mbali zaidi na kuwaonya wazazi dhidi ya kuwabusu na kuwapakata watoto wao. Hata hivyo, King aliwazidi wote kwa jambo moja: alikuwa na jeshi la wauguzi lililoyafikisha mafundisho yake hadi mlangoni pa mama.

Mafanikio yake hayawezi kupuuzwa. Katika miaka 30 iliyofuata kuundwa kwa Plunket, vifo vya watoto wachanga wa walowezi vilishuka kutoka takriban 88 hadi takriban 32 kwa kila 1,000. Wanahistoria wamebainisha kwamba vifo hivyo vilikuwa vimeanza kupungua hata kabla ya 1907, kwa sababu ya maji safi, makazi bora na familia kuwa ndogo. Aidha, watoto wa jamii ya Maori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, hawakuhesabiwa katika takwimu hizo, na kwa miaka mingi huduma za Plunket hazikuwafikia ipasavyo. Hata hivyo, usafi wa chupa na sifa za maziwa ya mama ni mambo ambayo King aliyatetea bila kuchoka, na yaliokoa maisha.

Kasoro ya usiku

Kasoro kubwa ilijificha katika zile saa nane za giza. King alikuwa mtetezi shupavu wa unyonyeshaji, lakini ratiba yake iliupiga vita bila yeye kujua.

Sayansi ya leo inaeleza sababu. Titi halifanani na mtungi unaojazwa na kungoja. Hutengeneza maziwa kulingana na jinsi linavyonyonywa. Likikaa limejaa kwa saa nyingi, mwili huelewa kwamba maziwa hayahitajiki na hupunguza uzalishaji. Homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, hupanda zaidi usiku, na kunyonyesha nyakati hizo huimarisha maziwa, hasa katika wiki za kwanza. Mama aliyetii ratiba kikamilifu angeweza basi kuona maziwa yake yakipungua siku baada ya siku. Mtoto angelia kwa njaa, kilio chake kingechukuliwa kuwa tabia mbaya, na mwishowe chupa ingeletwa. Mama alibaki akidhani kwamba mwili wake ndio uliomsaliti, kumbe ilikuwa ni saa ya ukutani.

Mtoto naye hana uwezo wa kuifuata saa hiyo. Katika wiki za mwanzo hulala kati ya saa 14 na 17 kwa siku, lakini vipande vipande, mchana na usiku bila ubaguzi. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi. Mwaka wa 1953, Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, mmoja wa waasisi wa taaluma ya usingizi, alichapisha pamoja na mwenzake matokeo ya kufuatilia usingizi wa watoto tangu wakiwa na wiki chache. Yalionyesha kwamba usingizi hukusanyika upande wa usiku polepole, mtoto anavyokua. Saa ya ndani ya mwili huanza kujitengeneza karibu na miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo, kumtaka mtoto atofautishe usiku na mchana ni kumtwika asichokiweza.

Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na huenda King angeipenda methali hiyo. Lakini wahenga walimlenga mtoto mwenye akili ya kuelewa anapokatazwa. Kitoto cha wiki tatu hakina hila wala kiburi. Kilio ndiyo lugha yake ya pekee.

Mwisho wa safari

Serikali ilimtambua King kwa heshima nyingi. Aliteuliwa kuongoza idara ya ustawi wa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka wa 1925 akatunukiwa hadhi ya Sir. Hata hivyo hakuwa mtu rahisi. Alishikilia msimamo wake hata pale madaktari wenzake walipotilia shaka mchanganyiko wa maziwa aliouvumisha. Pia aliamini kwamba elimu ya juu iliwadhoofisha wasichana na kuwaharibia uwezo wa kuwa mama, dai lililopingwa hadharani na baadhi ya madaktari wanawake wa enzi hiyo na ambalo wakati umelizika.

Bella aliaga dunia mwaka wa 1927, na mumewe akapoteza mshirika wake mkuu. Binti yao Mary, aliyekuwa amehitimu uuguzi wa Plunket, aliendeleza kazi hiyo nchini Australia na kuchapisha mwaka wa 1934 mwongozo wa malezi ulioeneza mafundisho ya babake. King alifariki jijini Wellington mnamo Februari 10, 1938, akiwa na umri wa miaka 79. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo haikuwa imewahi kutolewa nchini humo kwa raia wa kawaida, na akazikwa karibu na nyumba yake mlimani Melrose. Mwaka wa 1957, Plunket ilipoadhimisha miaka 50, picha yake ilitiwa kwenye stempu ya posta.

Upepo ulivyobadilika

Baada ya kifo chake, ratiba ilianza kulegezwa. Plunket yenyewe, chini ya mshauri wake mpya wa tiba Helen Deem, ilianza kurekebisha ushauri wake katika miaka ya 1940 na 1950. Nchini Marekani, kitabu cha Benjamin Spock cha mwaka wa 1946 kiliwahimiza wazazi kuamini busara yao wenyewe.

Pigo jingine kwa mafundisho ya zamani lilitoka Afrika Mashariki. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Uganda na kuanza kuzuru vijiji vya Baganda karibu na Kampala. Alifuatilia familia 26 zenye watoto wachanga, akitazama jinsi akina mama walivyowabeba, walivyowanyonyesha na walivyoitikia vilio vyao. Watoto ambao mama zao walizielewa na kuzijibu ishara zao ndio waliokuwa na uhusiano imara zaidi nao. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitolewa mwaka wa 1967. Utafiti wake mwingine, uliofanywa mjini Baltimore, Marekani, na kuchapishwa 1972, ulionyesha kwamba watoto walioitikiwa upesi katika miezi ya kwanza walilia kidogo kadiri mwaka ulivyosonga. Baadhi ya wataalamu waliyapinga matokeo hayo, lakini dai kwamba kumbeba mtoto ni kumharibu halikupata tena nguvu yake ya awali.

New Zealand nayo ilikuwa na funzo jingine la kuupa ulimwengu. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na mojawapo ya viwango vya juu zaidi duniani vya vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa mwaka 1987 hadi 1990 ulibaini kwamba hatari iliongezeka mtoto alipolazwa kifudifudi, mama alipovuta sigara na mtoto aliponyimwa titi. Wazazi walipoanza kufunzwa kuwalaza watoto chali, vifo vilipungua kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo wataalamu wanaelewa pia kwamba uwezo wa mtoto mchanga wa kuzinduka kwa urahisi ni sehemu ya kinga yake. Usingizi mzito usiokatika, ambao King aliuona kuwa ishara ya afya njema, si lazima uwe neema katika umri huo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kila anapotaka, usiku na mchana. Wataalamu wa usingizi salama wanashauri alazwe chali, juu ya godoro gumu lisilo na mito wala nguo laini, kitandani pake mwenyewe lakini katika chumba cha wazazi, kwa angalau miezi sita. Kulala naye kitanda kimoja ni hatari kubwa zaidi iwapo mzazi anavuta sigara au amelewa, na kochi si pahali pa kusinzia na mtoto kifuani.

Hata hivyo, wazo la kumfunza mtoto kulala halikuzikwa na King. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2012 ulifuatilia hadi umri wa miaka sita watoto ambao wazazi wao walikuwa wameelekezwa mbinu za kuwazoesha kulala, na haukuona madhara ya kudumu. Lakini watoto hao walikuwa wameshapita miezi saba mafunzo yalipoanza, na wazazi walielekezwa kuwaitikia kwa vipindi au kukaa nao, si kuwatelekeza. Tofauti kati ya umri huo na wiki za kwanza ndiyo ambayo ratiba ya King haikuizingatia.

Truby King aliona kifo cha mtoto mchanga kuwa jambo linaloweza kuzuiwa wakati wengi walipokiona kuwa majaliwa, na kwa hilo anastahiki heshima. Alichokosea ni kudhani kwamba utaratibu uliowaponya ndama wa Seacliff ungeweza kumtawala mama na mwanawe usiku kucha. Kwa mzazi anayeamshwa mara ya tatu usiku wa manane, faraja ni kwamba mtoto huyo si mtundu, na wala mama huyo hajashindwa kazi. Mwana anakua, saa ya mwili wake inajipanga, na usiku huo mrefu nao una mwisho.